Koti la Mama Tembo

Hakuna anayeijua hadithi hii kunishinda mimi, maana nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Haya, sikuwepo. Nilikuwa nyumbani nachambua mchele. Lakini chumba changu na cha mjukuu wangu vimetenganishwa na ubao mwembamba, mjukuu mwenyewe huongea na simu kama anahutubia mkutano, na dereva wa basi lao hamnyimi mtu habari akishapewa chai. Kwa hiyo niliyoyakosa ni machache, na hayo nimeyajaza mwenyewe.

Mjukuu wangu anaongoza watalii. Asubuhi anawatembeza kwenye magofu ya kale, mchana anawapeleka kwenye kituo kinacholea wanyama yatima, jioni anawarudisha mjini wakiwa wamechoka na wanampigia makofi. Ukimwona kazini utadhani ndiye aliyeyajenga hayo magofu. Sketi ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi, shati jeupe, skafu shingoni, na mkononi mwavuli mwekundu anaounyanyua juu ili wageni wasimpoteze. Wenzake wanamwita Mwavuli. Na hutembea kinyumenyume, uso kwa wageni, maana anasema mtu akiongeleshwa na kisogo hasikii kitu. Mimi darasani sikukaa sana, lakini nina mjukuu anayewafunga midomo maprofesa wa watu kuanzia saa tatu asubuhi, nao wanashukuru.

Siku aliyokutana na huyo mwanamume, kituo kilikuwa kimefurika. Ilikuwa saa ya kunyonyesha. Mabasi yamepangana nje, kamera zimening'inia vifuani, watu wanakanyagana ili wamwone ndama wa tembo akinywa maziwa. Mwavuli akawa anarudi nyuma taratibu, sauti yake imewapita wote.

"Wageni wangu wapendwa, hii ni kamba. Hakuna anayeruhusiwa kuivuka. Awe mkubwa, awe mdogo, awe na kamera ya namna gani."

Hapo hapo kisigino kikanasa kwenye hiyo kamba. Akaenda chini chali, ndani ya dimbwi la matope ambalo tembo huogea. Kilichobaki juu ni mwavuli peke yake, mkavu kabisa.

Mbele yake akasimama mwanamume mrefu, kavaa koti la kijani lililochakaa, kashika chupa ya maziwa ndefu kama mkono wake. Nyuma yake kilisimama kitembo chenye tumbo la mtu mwenye cheo.

"Dada," akasema yule mwanamume, "umevuka kamba."

Mwavuli akamtazama kutoka chini. Kisha akawageukia wageni, palepale alipokaa.

"Na haya, wageni wangu, ndiyo matope ambayo ndama wa tembo hujipaka ili jua lisimchome. Kama mnavyojionea, yanashika vizuri."

Wageni wakapiga makofi mpaka ndege wakaruka. Yule mwanamume hakupiga, maana alikuwa na chupa mkononi, lakini dereva aliniambia kwamba mdomo ulibaki wazi na maziwa yakawa yanamwagikia kiatu. Akamnyooshea mkono amwinue.

"Mkono wako unanuka maziwa," Mwavuli akamwambia.

"Na wewe mzima mzima unanuka tembo. Tuko sawa."

"Unaitwa nani, nikushtaki kwa wakubwa wako?"

"Hapa wananiita Mama Tembo."

"Mama?"

"Usiniulize mimi. Muulize huyu."

Kile kitembo kilikuwa kimeshaingiza mkonga kwenye mfuko wa koti na kuupumzisha humo, kama mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mama yake. Wafanyakazi walikiita Mheshimiwa, kwa mwendo wake na kwa tumbo. Kilitolewa kwenye shimo la maji, mama yake kando kafa, na kwa muda mrefu hakikukubali chupa kwa mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa huyo kijana.

Basi simu zikaanza. Mimi upande wangu wa ubao nikasikia, "Haloo, Mama Tembo," nikafurahi kwamba mtoto kapata shoga.

"Mpe huyo mama salamu zangu," nikapaza sauti.

"Anasema asante, bibi."

"Mpe simu nimsalimie mwenyewe."

Mwavuli akasita, kisha akapitisha simu mlangoni. Sauti nzito ya kiume ikasema, "Shikamoo bibi." Mchele nikauacha hapo hapo.

Sitaki kuwasimulia yote waliyoambiana, mengine hayafai kwa mtu wa umri wangu kuyarudia, ingawa kuyasikia niliyasikia. Mengi yalikuwa ya hivi:

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nasubiri Mheshimiwa ashibe kwanza."

"Yaani mimi nimepata mwanamume mwenye mtoto."

"Tena mtoto mwenyewe ana uzito kama wa gari. Ukiolewa hapa usiseme hukuambiwa."

"Nani kasema naolewa?"

"Nimesema ukiolewa. Sijasema na nani."

"Na mimi utaninywesha kwa chupa?"

"Wewe, malkia wangu, utapewa kikombe. Na kisosi chake."

Jumapili moja akaja kunisalimia. Alitoka moja kwa moja kazini, na koti lake. Niseme ukweli: lile koti liliingia kabla yake. Lilinuka maziwa yaliyolala, majani makavu, na mambo mengine ya tembo ambayo hayasemwi mezani. Nikalitazama, nikanyamaza, na waliokuwepo watakwambia kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Lakini kijana mwenyewe alikuwa na adabu, kacheka na mimi, kanitengenezea mguu wa kiti uliokuwa unacheza. Akalivua koti kwa ajili ya joto, akalitundika nyuma ya mlango. Wakati wa kuondoka, Mwavuli alimsindikiza, na mtu akisindikizwa na Mwavuli husahau mpaka jina la baba yake. Koti likabaki.

Jioni simu ikalia. "Mpenzi, koti langu. Niletee kesho ukija na wageni. Nalihitaji sana, leo itabidi nimdanganye mtoto kwa blanketi."

"Nitakuletea, mume mtarajiwa. Usiwe na wasiwasi."

Hakumwambia asilifue. Kwani wewe ukimwachia mtu mkate, unamwambia asiufue?

Mjukuu wangu akalifua. Akaliloweka kwenye ndoo, maji yakawa meusi, akabadilisha, yakawa meusi tena. Akatumia sabuni yenye harufu ya waridi. Akashona vifungo viwili vilivyokuwa vinaning'inia. Asubuhi akapiga pasi mikono mpaka ikasimama na mstari, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa zawadi. Siku zote za kazi yake sijamwona akitoka nyumbani kajivuna namna ile.

Alimkuta kwenye zizi, saa ya maziwa, wageni wamejipanga nyuma ya kamba. Akampa mfuko mbele ya watu, kifua mbele. Mama Tembo akafungua. Harufu ya waridi ikatoka. Dereva anasema uso wa kijana ulibadilika kama mtu aliyesomewa msiba.

Hakuwa na jingine la kuvaa, akalivaa. Mheshimiwa akaja mbio, mkonga mbele, akaugusa mfuko wa koti. Akasimama. Akanusa tena. Kisha akarudi nyuma, akapiga ukelele mwembamba, akaenda kujificha nyuma ya nguzo. Chupa ikaletwa, akaipiga kwa mkonga, akaiangusha. Hapo ndipo Mwavuli alipojua jambo ambalo kila mlezi pale kituoni analijua: koti la kunyonyeshea halifuliwi mpaka ndama aache ziwa. Kwa harufu ile ndiyo anajua kwamba mama yupo.

"Nani kakutuma ulifue?"

"Hakuna aliyenituma. Mapenzi ndiyo yamenituma."

"Huyu hanijui mimi. Analijua koti."

"Ungeniambia."

"Ungeuliza."

"Nilijua nakufurahisha."

Mpaka hapo ugomvi ulikuwa wa kawaida, wa kuisha kabla ya giza. Lakini kijana alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huokota neno lolote lililo karibu akalirusha.

"Wewe kazi yako ni kusema tu," akamwambia, wageni wote wanasikia. "Ukikosea wewe, watu wanacheka. Nikikosea mimi, anakufa."

Mwavuli akaunyanyua mwavuli wake.

"Wageni wangu, ziara yetu ya leo imefika mwisho. Tafadhali tupande basi."

Na njia nzima, dereva ananiambia, alitoa maelezo yake yote ya kuagana, hakuruka hata neno, akamjibu mzee mmoja aliyeuliza umri wa tembo. Machozi yalikuwa yanashuka hayo hayo, naye anayaacha yashuke, anatabasamu.

Mheshimiwa aligoma kunywa. Mama Tembo akalisugua koti kwenye majani ya zizi, akalilalia, akaligaragaza kwenye yale matope, mpaka likarudi kuwa na uvundo wake wa haki. Siku chache baadaye ndama akaja mwenyewe, akaingiza mkonga mfukoni, akanywa. Dereva alileta habari hizo nyumbani, na mjukuu wangu aliposikia akakaa kitini kama aliyetuliwa mzigo. Halafu akasimama akasema, "Vizuri. Sasa sina deni naye."

Kijana alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, nikaipokea mimi.

"Shikamoo bibi. Yupo?"

"Marahaba mwanangu. Yupo hapa, ananiambia niseme hayupo."

"Mwambie nimekosa."

"Anasema umekosa," nikamwambia mtu aliyekaa mbele yangu.

"Muulize kakosa nini," akasema.

"Anauliza umekosa nini."

Kijana akafikiri. "Kupiga kelele mbele ya watu."

Mwavuli akaondoka akaenda chumbani. Nikamwambia kijana, "Hilo silo, baba. Endelea kutafuta."

Kwani kelele si kitu, hata babu yake alikuwa na kelele. Kilichomchoma ni lile la kazi. Mjukuu wangu alitoka chuoni na karatasi ya kuhitimu akaambiwa hakuna nafasi, akaanza kwa kubeba maji ya wageni, akajifunza historia kwa kusikiliza nyuma ya watu, mpaka leo basi zima linanyamaza akifungua mdomo. Sasa mtu anayempenda kuliko wote ndiye amwambie kwamba hiyo ni domo tu?

Akaacha kushuka kituoni. Basi likifika anawakabidhi wageni kwa watu wa pale, yeye anabaki kwenye kiti, pazia kalivuta. Kisha akamwomba bosi amhamishie njia ya milimani, ziara za wiki nzima nzima, huko hata simu hazishiki. Bosi akakubali. Jumamosi ingekuwa ziara yake ya mwisho huku. Akishapanda milima ile, tulijua sote, hadithi imekwisha, maana wote wawili ni wale watu wanaoweza kufa na njaa mbele ya chakula wakisubiri kukaribishwa.

Habari hizo dereva alizipeleka kituoni pia. Chai anakunywa kote kote.

Jumamosi asubuhi Mwavuli akapanda basi kusalimia wageni, na kwenye kiti cha nyuma kabisa akamkuta mwanamume mrefu kavaa shati jeupe lenye pasi ngumu, viatu vinavyombana, na tiketi kaishika mbele yake kama ngao.

"Habari ya asubuhi, mgeni," Mwavuli akasema.

"Nzuri, mwongozaji."

"Ziara hii inamalizikia kwenye wanyama. Nadhani umeshawaona."

"Nimekuja kuona mwanzo wake. Sijawahi."

Hakumfukuza, mgeni mwenye tiketi hafukuzwi. Lakini alitembea kinyumenyume siku hiyo kwa shida, kwa sababu popote alipoelekeza macho, lile shati lilikuwa linang'aa.

Kwenye magofu, penye jumba la mtawala wa kale lililobaki kuta na malango tu, aliwaeleza wageni kwamba malango ni mawili na yanatazamana, kwa kuwa mtawala na mkewe waligombana, kila mmoja akajijengea lake ili wasipishane. Mkono ukanyooka nyuma ya watu.

"Ndiyo, mgeni mrefu."

"Naomba kuuliza. Kati ya hao wawili, ni nani aliyeomba msamaha kwanza?"

"Historia haisemi."

"Historia ilikuwa wapi?"

"Historia ilikuwa kazini kwake, mgeni. Ina kazi, hata kama wengine hawaioni."

Wageni wakacheka, wakidhani ni sehemu ya ziara. Mama mmoja wa makamo aliyevaa kofia pana akamwambia mwenziwe kwamba kampuni hii inajua kuchekesha.

Wakafika kwenye ukuta mkubwa wa ngome, ule uliobomoka nusu. Hapo Mwavuli huwaomba wageni waweke viganja kwenye mawe, wafumbe macho. Kisha anaanza kuongea polepole. Anawaonyesha waliochoma chokaa, waliobeba mawe vichwani wakiimba, mwanamke aliyeleta maji na kukuta mumewe kaangukiwa, watoto waliocheza chini ya ukuta ukiwa mpya na mweupe hata kuutazama ni taabu. Hana kitu mkononi, ni sauti tu. Nilikwenda kumsikiliza mara moja, na nilipofumbua macho nilishangaa kukuta ukuta umevunjika, maana nilikuwa nimeshauona mzima.

Wageni waliendelea mbele. Mama Tembo alibaki, kiganja bado kwenye jiwe, macho mekundu.

"Mgeni, tunakuacha," Mwavuli akasema.

"Nilisema kazi yako ni kusema tu."

"Ulisema."

"Ni kweli, unasema tu. Na waliokufa wanasimama. Mimi namlea mmoja aliye hai, natoka jasho, natembea nimenyanyua kichwa. Wewe unawalea wote hawa, na hakuna anayekuita mama. Nimekosa hilo, Mwavuli. Hilo ndilo nililokosa, siyo kelele."

Skafu yake Mwavuli aliirekebisha, ingawa ilikuwa sawa.

"Asante, mgeni. Tafadhali panda basi."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ziara haijaisha."

Kijana akaona hali bado ngumu, na mlima unakaribia. Hapo akafanya kosa la watu wengi: akawa amesema kweli, ikatosha, akaongeza uongo juu yake.

"Basi hata kama hunitaki mimi, shuka leo umwone Mheshimiwa. Ameacha kunywa tena."

Mwavuli akasimama. "Tangu lini?"

"Tangu uache kushuka. Alishaizoea sauti yako. Wageni wakifika anatega masikio, akiikosa anageuza mgongo. Amekonda, Mwavuli. Mbavu zake zinahesabika. Daktari anaingia na kutoka."

"Na siku zote hizo unanyamaza?"

"Simu hupokei."

Chakula cha mchana Mwavuli hakukigusa. Kwenye basi alimhimiza dereva mpaka dereva akamuuliza kama kuna mtu anajifungua. Walipofika, kwa mara ya kwanza katika kazi yake alishuka kabla ya wageni, akapita kati ya watu, akaivuka kamba kwa makusudi.

Mheshimiwa alikuwa katikati ya uwanja, tumbo linagusa karibu chini, anavuta chupa kwa nguvu mpaka mlezi aliyeishika, kavaa lile koti la Mama Tembo, anaburutika. Akaimaliza. Akaitupa. Akanyakua ya pili kwapani mwa yule mlezi, povu la maziwa likimtoka pembeni ya mdomo.

Mwavuli akageuka taratibu. Wageni walikuwa wameshafika, wamepanga mstari, wanasikiliza. Mama wa kofia akashusha kamera.

"Huyu ndiye aliyekonda?" Mwavuli akamuuliza kijana.

Mama Tembo akakohoa. "Leo kajitahidi kidogo."

Yule mlezi mwingine, asiyejua lolote, akapaza sauti huku anafuta maziwa usoni. "Mama Tembo, afadhali umerudi. Huyu mlafi jana kamaliza mpaka maziwa ya pundamilia. Na wewe leo utakula? Maana sahani yako kila siku tunampa mbwa, na mbwa mwenyewe hapiti mlangoni."

Sasa ndipo Mwavuli alipoitazama kola ya lile shati, jinsi shingo ilivyokuwa inacheza ndani yake. Aliitazama kwa muda. Kisha akatoa simu.

"Haloo, bosi. Samahani kukusumbua. Ile njia ya milimani, mpe mwingine. Hapana, siumwi. Nina mtu huku anahitaji kulishwa."

Akairudisha simu mkobani, akafunga zipu, akanyoosha sketi. Moyo wake ulikuwa umeshapona, lakini hakutaka kijana ajue mapema hivyo.

"Haya, mgeni. Turudi kwenye maelezo yako. Mbavu zinazohesabika ni za nani?"

"Zinahesabika kweli," Mama Tembo akasema. "Daktari kaziona."

"Sikuuliza kama zinahesabika. Nimeuliza za nani."

"Nilisema za Mheshimiwa."

"Za Mheshimiwa huyu?"

"Ukimtazama kwa upande. Jua likiwa chini."

Akamgeukia ndama amsaidie. Mheshimiwa akaangusha chupa ya pili, akapanua mdomo mbele ya wageni wote, akabeua.